Thadeus Aongoza Msafara wa Baiskeli

Thadeus Mwandawiro hakujua kuendesha baiskeli. Hilo lisingekuwa neno, ila karatasi zilishabandikwa kila ukuta wa Voi: IJUMAA WOTE KAZINI KWA BAISKELI. MSAFARA UTAONGOZWA NA BWANA T. MWANDAWIRO.

Kisa ni mdomo wake. Mwaka huo wa sabini na tisa petroli ilikuwa imepanda bei, na mkubwa wake ofisini, Bwana Alexander, akataka watu wapunguze magari. "Nani hapa anajua baiskeli?" akauliza mkutanoni. Jedidah, mpiga chapa kutoka Mbololo, alikuwa amekaa palepale, amependeza. Mkono wa Thadeus ukapanda wenyewe.

"Mimi, bwana! Nishaenda na baiskeli mpaka Taveta bila kushuka!"

Jedidah akageuka kumtazama. Basi, ikawa ndiyo hiyo.

Wiki mbili nzima Mzee Mbaruk, fundi wa baiskeli, alimfundisha kwenye uwanja mtupu uliokuwa na mkonge mmoja tu. Thadeus aliugonga mara kumi na moja.

"Mwanangu, uwanja wote huu, nawe wauendea mkonge kama ukweni?"

"Mzee, naukwepa! Baiskeli ndiyo haitaki."

"Haya, inuka. Toa miiba kwanza."

Ijumaa asubuhi Thadeus alisimama njia panda, ameshika baiskeli kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Bwana Alexander alikuwa juu ya yake tayari, na suti na firimbi. Akianguka leo, Jedidah ataona. Aliomba mvua. Voi nayo, mvua gani?

Mara vumbi likatimka upande wa Mbololo. Baiskeli arobaini! Lakini hakuna hata moja iliyopandwa na mtu. Zote zilikuwa zinasukumwa: hii ina gunia la mahindi, ile kabeji, nyingine imebeba mbuzi aliyetulia kama abiria wa daraja la kwanza. Jedidah alikuwa mbele, anasukuma mkungu wa ndizi.

"Mbona hamjapanda?" Bwana Alexander akafoka.

Mzee Kituku, mwenye mbuzi, alimshangaa. "Tupande, halafu ndizi zitembee kwa miguu? Kwetu baiskeli ni ya mzigo, bwana. Mtu ana miguu yake."

"Thadeus! Hebu panda uwaonyeshe!"

Hata mbuzi alitazama. Thadeus akaangalia kiti cha baiskeli, akamwangalia Jedidah, jasho likamshuka mpaka kwenye soksi. Halafu akaona nyanya mmoja amejitwika gunia la kabeji kichwani. Akaruka.

"Lete, nyanya, lete!" Akafunga gunia kwenye keria haraka haraka. "Bwana, nitaachaje watu wangu nyuma?"

Akaanza kusukuma. Watu wakapiga vigelegele, msafara ukamfuata. Bwana Alexander akajaribu kuendesha kwa mwendo wa mbuzi, usukani ukacheza, huyooo, mtaroni.

Jedidah akasogea karibu na Thadeus, akaona miiba ya mkonge mkononi mwake, akanong'ona, "Hujui kuendesha, ama nakosea?"

Thadeus akaendelea kusukuma. "Hukosei."

"Na Taveta ulifika vipi?"

"Na gari moshi. Baiskeli ilikuwa kwenye behewa la mizigo. Sikushuka hata stesheni moja."

Jedidah alicheka mpaka mkungu ukaanguka.

"Okota ndizi, dereva," akasema. "Jumamosi nitakufundisha mimi. Kwetu hakuna mkonge."