Zimeni Kila Kitu

Walimwita Baba Taa, na jina lenyewe lilikuwa nusu sifa, nusu kejeli. Sifa, kwa sababu ndiye aliyeulea mtambo mdogo wa umeme kule mtoni tangu wataalamu walipousimika, wakapiga picha na kwenda zao. Kejeli, kwa sababu miaka tisa ya ndoa hakuwa na mtoto wa kumwita baba. "Wenzako wanazaa watu, wewe unazaa balbu," watani wake walimwambia. Naye alicheka nao, afanyeje? Lakini akifika nyumbani hakuwa na hamu ya kula.

Basi Jumamosi moja ya kiangazi kikali mkewe akajifungua. Mtoto wa kike, kabla ya siku zake, mdogo wa kuenea viganja viwili. Alipumua kwa taabu, kifua kikibonyea kila anapovuta hewa. Nesi wa zahanati akamwekea vimipira puani, akawasha mashine ya oksijeni, na ule ubuluu wa midomo ukaanza kupungua.

"Gari la wagonjwa limeshatoka mjini," nesi alisema. "Kwa barabara hii, litafika saa kumi. Mashine ikiwaka mpaka hapo, mwanao ana nafasi. Ikizimika, Baba Taa, sitakudanganya."

Ilikuwa saa tano. Baba Taa hata hajakaa vizuri kwenye benchi, mashine ikaanza kulia pii, pii, pii. Balbu juu ya kitanda ikawa nyekundu kama kaa la moto.

Hakuhitaji kuambiwa. Mto ulikuwa umekonda, na lango la maji alikuwa amelifungua lote asubuhi, hakukuwa na tone la kuongeza. Na Jumamosi ndiyo siku ya kila mtu kukaa nyumbani na kuchomeka kila alichonacho. Wanakijiji walipounganishiwa umeme walikubaliana: taa tatu na redio kwa kila nyumba. Thubutu! Aliyeonja asali huchonga mzinga. Sasa kulikuwa na pasi, majiko, majokofu, na fundi wa kuchomelea aliyekuwa akitengeneza mageti ya watu ambao hata uzio hawana.

Baba Taa akatoka mbio. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kinyozi.

"Zima, ndugu yangu! Mwanangu anakufa!"

"Mungu wangu! Nazima, nazima. Ngoja nimalize huyu, si unaona nimefika nusu?" Mteja alikuwa na nywele upande mmoja tu.

Baba Taa akaung'oa waya ukutani mwenyewe, akakimbilia nyumba ya pili, kisha ya tatu, ambayo ilikuwa na kufuli mlangoni na runinga ikiongea peke yake ndani. Nyumba sitini na nne. Alisimama katikati ya njia, jasho na machozi vimechanganyika, hajui aelekee wapi.

Mwalimu mkuu ndiye aliyemkuta hapo. "Utazimaliza lini kwa miguu? Twende tukapige kengele."

Kengele ya shule ikipigwa siku isiyo ya shule, watu hujua kuna msiba au moto. Walikuja wote, wengine na mikono ina sabuni. Baba Taa akapanda juu ya kiti. Maneno aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Sijawahi kuwaomba kitu," alisema. "Leo nawaomba. Nina mtoto. Jamani, na mimi nina mtoto."

Hakuna aliyecheka. Wale wale watani wake waliinamisha vichwa. Mwalimu akainua mkono. "Sikilizeni. Mnajijua. Mmoja akizima, mwingine anasema acha nimalizie. Leo hakuna kutegeana. Rudini majumbani, na wenye funguo wafungue. Kengele ikilia mara ya pili, zimeni kila kitu kwa pamoja, ibaki zahanati tu. Sawa?"

"Sawa!" walijibu kwa sauti moja, wakatawanyika mbio, hata wazee. Ukiona kijiji kinapendana vile unaweza kulia. Baba Taa alilia, akashukuru, akakimbia kurudi kwa mwanawe.

Alifika mlangoni kengele ilipolia. Balbu ikatoka kwenye wekundu, ikawa ya manjano, ikawa nyeupe. Mashine ikaacha kupiga kelele. Mkewe akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umeona watu wetu?" akasema.

Balbu ikazidi kuwa nyeupe. Ikawa nyeupe ya kuumiza macho.

Hapo ndipo Baba Taa alipokumbuka lango. Mtambo ule ulikuwa na kisanduku cha kumeza umeme unaozidi; kiliungua mwaka wa pili, wakubwa wakaahidi kingine, na ahadi ikabaki ahadi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa kisanduku. Kila usiku watu wakianza kuzima taa, alikaa mtoni, mkono kwenye usukani wa lango, akipunguza maji kidogo kidogo, maana mtambo usio na mzigo wa watumiaji hukimbia kama punda aliyekata kamba, umeme ukapanda na kuunguza kilichochomekwa. Na sasa lango lilikuwa wazi lote, hakuna mtu kule, na ilikuwa nusu saa kwa miguu.

"Chomoa!" alipiga ukelele. "Nesi, chomoa!"

Balbu ikapasuka. Mashine ikatoa mlio mmoja mkavu, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba.

Nesi alimpulizia mtoto hewa kwa kipira cha kuminya kwa mkono mpaka vidole vikakakamaa, kisha Baba Taa akashika yeye. Saa nane na robo nesi alimgusa bega, akamwambia inatosha.

Watu wakajaa uani. Kila mmoja aliapa kwamba alizima palepale, kengele haijanyamaza. Ndipo mama mkwe alipopenya katikati yao, akaanguka chini mbele ya mkwewe, yeye ambaye kwa heshima hata kumtazama usoni hakuwahi.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa napiga pasi khanga za kumpokelea mjukuu wangu. Nikasema nimalizie pindo moja tu. Nyie wote mlizima, mimi nikachelewa. Nimemuua mtoto kwa pasi."

Umati ukamgeukia. Baadhi walishaanza kumwangalia kwa jicho baya, na mtu mmoja nyuma akaguna. Baba Taa alijua kwamba akinyamaza tu, jambo lingeishia hapo. Hakuna mwingine aliyeujua mtambo.

"Inuka, mama," akasema. "Laiti wote wangechelewa kama wewe. Pasi yako ndiyo iliyokuwa ikiushika ule umeme usituue. Umeme hauzimwi wote kwa mpigo bila mtu wa kufunga maji. Watu walifanya nilichowaomba. Lango niliacha wazi mimi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, amefunikwa shuka la zahanati.

"Ulikuwa unalijua hilo?" aliuliza.

"Nilikuwa nalijua."