Kuku Aliyemwamkia Sabra

Salehe hakuwa mtu wa kujisifu. Alijisifu tu pale alipompata mtu wa kumsikiliza, na pale Mafiga, kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, wasikilizaji hawakukosekana. Ukimpelekea redio iliyonyamaza mwaka mzima, atakurudishia ikiimba, kisha atakuweka nusu saa akikueleza jinsi mafundi wengine walivyotaka kuiua. Watu walimvumilia kwa sababu kazi yake ilikuwa safi.

Lakini siku Nesi Rahel alipohesabu vidonge vya Sabra, Salehe hakuwa na la kujisifia.

Sabra alikuwa binti wa dada yake, Zuleha. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, mtoto wa mwisho katika nyumba nzima ya kijijini Kinole, na alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Kila asubuhi ilimpasa ameze kidonge, na akiruka siku nyingi, maumivu ya mifupa yanamrudia. Zuleha alitoka alfajiri kupeleka mdalasini na pilipili manga sokoni mjini. Bibi, mama yao Zuleha na Salehe, ndiye aliyebaki na mtoto. Bibi aliuliza, "Umemeza?" Mtoto alijibu, "Nimemeza." Mambo yaliishia hapo.

Wakati wa masika Sabra alilala siku tisa akilia kwa maumivu ya miguu. Kule kliniki, Nesi Rahel alimimina kopo la dawa mezani. Vilipaswa kubaki vidonge viwili. Vilibaki kumi na saba.

"Dawa mnayo, mama," alimwambia Zuleha taratibu, "ila iko kwenye kopo, haiko kwa mtoto. Safari ijayo maumivu yanaweza kumpata vibaya kuliko haya. Chukua kopo jipya. Mwezi ujao nitahesabu tena."

Zuleha hakulia mbele ya nesi. Alikuja kulilia kibandani kwa kaka yake. Angeweza kuacha biashara akae nyumbani kumsimamia mtoto, lakini nyumba ile ilikula kwa biashara hiyo hiyo. Na kwa Waluguru kama wao mtoto ni wa ukoo wa mama; likimpata jambo, anayeulizwa ni mjomba. Salehe alijiona ameulizwa mbele za watu.

"Mpe dawa kwa mkono wako wiki moja tu," alisema. "Wiki zinazofuata niachie mimi."

Wiki hiyo redio za watu zililala. Salehe alikata dumu la njano la mafuta ya kula akalifanya kuku, akamchora macho mawili ya mshangao na kumpa kilemba chekundu cha kitambaa. Tumboni aliweka sahani yenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, ikizungushwa na mota ya deki mbovu. Aliongeza spika ya redio, bodi ya simu ya kitochi, na sola ndogo mgongoni. Saa ikifika, kuku anatetea kama anayetaka kutaga, anasema, kisha kidonge kinateremka kwenye kiota. Kikichukuliwa, taa ya kijani inawaka kichwani. Kisipochukuliwa, bodi inatuma ujumbe kwenye simu ya Salehe.

"Kwa hiyo huyu anataga dawa?" aliuliza Magreth, mama lishe wa kibanda cha jirani.

"Anataga dawa," alijibu Salehe, na akamweleza nusu saa.

Sauti ya kuku alijirekodi mwenyewe. Alirudia mara saba mpaka ikatoka nzito, ya mtu mzima anayejua anachosema: "Sabra! Saa ya dawa imefika. Chukua kidonge, meza kwa maji mengi, sasa hivi!"

Jumapili alimpeleka kuku Kinole kwa bodaboda, amempakata kama mtoto. Bibi alimzunguka yule kuku mara mbili.

"Anakula mtama?"

"Hali kitu, mama."

"Afadhali."

Jumatatu asubuhi simu ya Salehe ililia: KIDONGE HAKIJACHUKULIWA. Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano alimpigia Zuleha akauliza kama wamemmwagia kuku maji. Alhamisi alilaumu mtandao, akalaumu ukungu wa milimani, akamlaumu hata mama yake kimoyomoyo. Ijumaa alipanda bodaboda gizagiza likiisha, akaketi jikoni kwa Bibi, mlango wa chumbani ukiwa wazi, akatazama.

Sabra alikuwa anafunga viatu vya shule. Kuku akatetea, kisha ile sauti nzito ikajaa chumbani. Mtoto akaacha viatu, akasimama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mjomba."

Kuku akateremsha kidonge, kimya. Sabra alingoja. Hakunyoosha mkono.

"Shikamoo mjomba," alirudia, kwa sauti zaidi.

Kuku akaamrisha mara ya pili, kama alivyotengenezwa. Mtoto akachukua mkoba akatokea mlango wa nyuma. Salehe alimkuta kwenye mipilipili nyuma ya nyumba, anafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Shikamoo," alisema Sabra, bila kumtazama.

"Marahaba, mwanangu. Unalia nini?"

"Umenikasirikia. Nakuamkia kila siku, huitikii."

Salehe alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amefikiria mvua, amefikiria panya, amefikiria siku jua lisipotoka. Hakufikiria marahaba. Ni mtoto gani aliyelelewa vizuri atanyoosha mkono mbele ya mkubwa ambaye hajaitikia salamu yake? Aliona aibu. Akamwongoza ndani, akampa kidonge cha siku ile kwa mkono wake, akamsindikiza mpaka njia ya shule.

"Nitamwongezea marahaba," alimwambia Bibi aliporudi.

Bibi alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Mwongezee. Bado atakuwa mjomba anayefoka asubuhi asubuhi. Wewe ungempenda? Mtoto huyu kila anayemwona anamwamkia. Hajawahi kuamkiwa hata na paka."

Salehe alielewa papo hapo, na alivyoelewa hakupendezwa. Kuku awe mdogo wake Sabra. Kuku ndiye atoe shikamoo. Na sauti? Bibi hakuwa na meno, maneno yake yangemchekesha mtoto tu. Magreth angekubali, lakini kabla ya jioni Mafiga yote ingekuwa na habari. Alibaki yeye, mjomba mtu, kumpa shikamoo mtoto wa dada yake.

Akaingia stoo na kinasa sauti, kati ya mafungu ya mdalasini, akajifungia. Mara tatu ulimi ulimgomea. Kisha akazikumbuka zile siku tisa, akabana koo, akakohoa kwa vumbi la mdalasini, akasema kwa sauti nyembamba: "Shikamoo dada Sabra. Nimekutagia. Kichukue basi, tumbo linaniuma."

Alilala Kinole. Asubuhi kuku alitetea, akakohoa, akaamkia. Sabra aligeuka nyuma kutazama anayeamkiwa ni nani. Hapakuwa na mtu. Akanyoosha mgongo pole pole, mabega yakarudi nyuma.

"Marahaba," alisema. "Hujambo? Pole na tumbo." Akachukua kidonge, akameza, akampigapiga kuku kichwani pale taa ilipowaka kijani.

Simu ya Salehe haikulia tena mwezi ule.

Siku ya kliniki alifunga kibanda akaenda nao. Nesi Rahel alimimina kopo. Vilipaswa kubaki viwili, vilikuwa sita. Zuleha akashika kifua.

"Hivyo vinne ni vyangu, dada," alisema Salehe. "Nilimfokea mtoto, akaviacha siku nne." Akaeleza yote, isipokuwa sauti ni ya nani.

Nesi alimgeukia Sabra. "Siku hizi nani anakukumbusha?"

"Mdogo wangu," alijibu Sabra, kidevu juu. "Kidonge nisipokimeza, anaumwa."

Nesi Rahel alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kaka Salehe, nina watoto kumi na mmoja wengine wa namna hii. Unaweza?"

Salehe alijisikia fahari ambayo hakuna redio iliyowahi kumpa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maelezo ya nusu saa. Alisema tu, "Naweza."

Nje, Sabra alimvuta shati ainame. "Mjomba," alinong'ona, "mdogo wangu anakohoa kama wewe."

Salehe alitazama huku na huku. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Wewe ni mjomba wangu." Kisha akarudi nyuma hatua moja, na mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi akapiga goti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba," alijibu Salehe, akamwinua.

Jumatatu, pale Mafiga, madumu kumi na moja ya njano yalipangwa kibandani. Magreth alikuwa kwenye sufuria zake, wateja wamejaa. Salehe alichukua kinasa sauti na orodha ya majina ya watoto aliyopewa na nesi, akauacha mlango wazi, akakohoa.

"Shikamoo kaka Rogers," alianza. "Nimekutagia."