Dakika Kumi na Moja Zilizofichwa

Mubera Skopljak aliingia katika chumba cha taa cha mgodi wa Suhi Potok saa saba mchana, flashi mfukoni. Programu iliyokuwa ndani ya flashi hiyo aliiandika mwenyewe kwa miezi mitano, na haikuwa imemwaibisha katika mgodi wowote. Lakini migodi mingine ilikuwa ya watu. Huu ulikuwa wa kwao. Saa nane zamu ya pili ingeteremka chini ya mlima, na katika zamu hiyo alikuwamo Rusmir, mdogo wake, mwenye miezi mitatu tu kazini.

"Karibu, bibi mkubwa wa Zenica," alisema shangazi Hasnija, mtunza taa, akimbusu mashavuni. Hakuwa shangazi yake wa damu. Mgodi mzima ulimwita hivyo. "Umekonda. Huko mjini mnakula vitufe vya kompyuta?"

"Nakula kahawa yako tu, shangazi. Nipishe kiti."

Ukutani ilisimama rafu ya chuma yenye nafasi arobaini na nane, na katika kila nafasi kilikaa kipima gesi kimoja, kidogo cha kuenea kiganjani. Gesi ya mgodini haina rangi wala harufu, na huua kabla mtu hajaijua. Kabla ya kila zamu, rafu hukipulizia kila kipima kiasi kidogo cha gesi kutoka kwenye mtungi. Kinacholia ni kizima, kisicholia ni kiziwi, na kiziwi hakishuki. Juma lililopita vilikutwa viziwi vitatu, na vyote vilikuwa vizima siku moja kabla. Kazi ya programu ya Mubera ilikuwa kuonyesha hayo kwenye skrini: visanduku arobaini na nane, kijani kwa kizima, chekundu kwa kiziwi, kijivu kwa nafasi iliyo tupu.

Tatizo lilikuwa kiendeshi, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na rafu. Watengenezaji wa rafu walikiandika kivivu. Kilichukua dakika kumi na moja kujisakinisha, na karibu na mwisho kilionekana kugoma kabisa, mstari unaoonyesha kilipofika umesimama kwenye skrini kama umekufa. Katika mgodi mmoja mtunza taa alichoka kuungoja, akaizima kompyuta, na Mubera akaendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenda kurekebisha. Baada ya hapo Nihad, bosi wake, akamwambia, "Mteja asione kinachochelewa. Fungasha vyote viwili kwenye faili moja. Abonyeze mara moja, programu ifunguke hapo hapo, kiendeshi kijimalizie nyuma ya pazia." Nihad hakutaka hata skrini tupu. Kwa hiyo Mubera alichora visanduku vya mfano, vyote kijani, vya kumfurahisha macho mteja wakati kiendeshi kinajikokota. Aliona si sawa. Akachora.

Sasa alibonyeza. Programu ikafunguka kwa kufumba na kufumbua, arobaini na nane kijani.

"Mashaallah!" Hasnija alipiga makofi. "Ile ya zamani ilikuwa inaamka kama mume wangu."

"Bado, shangazi. Hiyo ni picha tu. Ngoja dakika kumi na moja, na usitoe kipima hata kimoja kabla hazijaisha."

"Nina miaka ishirini na sita humu ndani. Wewe utanifundisha kungoja?"

Injinia Zdravko, mkuu wa mgodi, akamwita juu kutia saini karatasi za makabidhiano. Katika nchi hii karatasi haisainiwi bila kahawa, na kahawa haimezwi kwa haraka. Injinia aliuliza habari za mama, za Zenica, za kuolewa. Aliongea kwa sauti ya chini kuhusu wakaguzi waliokuwa wanatafuta sababu ya kuufunga mgodi. Nje mawingu yalishuka mpaka kwenye paa la shule, mvua ikaanza, na kabla kikombe cha kwanza hakijaisha radi ikapasua anga mara mbili mfululizo.

Katibu wa injinia aliinuka. Alichomoa waya wa mashine ya kuchapa ukutani, akachomoa wa redio, akachomoa wa birika la umeme, akarudi kuketi. Hakuna aliyemtazama. Radi ikipiga, bonde zima huchomoa waya. Mama yake Mubera huchomoa hata waya wa pasi iliyo baridi.

Zilipita karibu dakika arobaini na kikombe cha pili kabla macho ya Mubera hayajatua kwenye zile nyaya zilizolala sakafuni, akaelewa.

Alikuwa amekaa ofisini Zenica, ghorofa ya tano, akifikiria kila namna mtu anavyoweza kukikatiza kiendeshi: mtu asiye na subira, betri mbovu, flashi kung'olewa mapema. Radi hakuifikiria. Yeye, aliyekua akitumwa kukimbia chumba hadi chumba kuchomoa nyaya!

Alishuka ngazi mbilimbili, akavuka ua katika mvua, akausukuma mlango wa chumba cha taa.

Foleni ilikuwa imejaa mpaka ukutani. Wanaume walikuwa wanapokea taa na vipima, na kila aliyetoka kwenda kwenye lifti alitundika ubaoni kibati chake cha shaba chenye namba, ili ijulikane nani yuko chini.

"Huyu hapa mwenye mashine!" aliita Fadil, msimamizi wa zamu, jitu lenye kicheko cha ngoma. "Dada Kompyuta, hiki kinanusa ushuzi pia? Maana Ilija amekula maharage."

"Kikikunusa wewe kitajizima chenyewe!" alijibu Ilija, na foleni ikaangua kicheko.

Mubera hakucheka. "Shangazi, ulichomoa?"

"Nisingechomoa? Radi imepiga nyuma ya shule pale! Nimekaa gizani nikazihesabu dakika zako kumi na moja, nikaongeza tano za akiba, ndipo nikairudisha. Tazama: kijani tupu, wala vipima havikupiga kelele kama zamani. Hiyo mashine yako ni malaika."

Fadil alinyoosha mkono akakitoa kipima namba kumi na saba. Mubera alikitazama kisanduku cha kumi na saba kwenye skrini. Kilipaswa kugeuka kijivu. Kilibaki kijani. Fadil alikuwa tayari amekining'iniza kipima kiunoni, na skrini iliapa kwamba bado kimo kwenye rafu na ni kizima.

Sasa alielewa. Kiendeshi kilikatwa njiani. Programu haikuwa inaiona rafu kabisa. Rafu, isiyopima bila amri ya kompyuta, haikupima kitu. Kijani kile kilikuwa rangi aliyoichora yeye kwa mkono wake.

"Asitoke mtu!" alipaza sauti. "Vipima havijapimwa! Hata kimoja!"

Kicheko kikakatika.

"Wangapi wameshuka?" aliuliza.

Hasnija aligeukia ubao wa vibati. Midomo yake ilihesabu. "Kumi na wanne." Kisha akasema polepole, "Rusmir ni mmoja wao, mwanangu. Alitaka kuwahi lifti ya kwanza."

Fadil alishanyakua simu ya kuongea na walio chini mgodini. Sikioni mwake ilisikika mvumo tu, kama nyuki ndani ya debe. Radi ilikuwa imeiharibu laini. Alijaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, sasa akiipiga simu yenyewe ngumi.

Injinia Zdravko aliingia akihema, mvua ikimchuruzika kwenye kipara. Alisikiliza, akafuta uso. "Tulieni. Anzisha hicho kiendeshi upya. Dakika kumi na moja, kisha tutajua."

"Tutajua vya hapa," alisema Mubera. "Vile kumi na vinne viko viunoni mwao kule chini, injinia."

"Jana vilikuwa vizima."

"Hata vile vitatu vya juma lililopita, siku moja kabla vilikuwa vizima."

"Nitatuma mtu."

"Kwa miguu, kutoka lifti mpaka kwenye makaa? Watakuwa wameshaanza kukata makaa kabla hajafika nusu ya njia."

Wote walijua kilichobaki, na wote waliepuka kukitazama. Kando ya mlango, ndani ya kisanduku cha kioo, kulikuwa na mpini mwekundu wa king'ora. Kina waya wake peke yake, kina taa nyekundu katika kila njia ya chini, na kikilia kila mtu hutupa alichoshika na kukimbilia lifti. Lakini kinalia mjini pia. Katika maisha ya Mubera kilikuwa kimelia mara mbili, na mara zote mbili mji ulichimba makaburi.

"Usithubutu," alisema injinia. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ule ni mpini wangu. Unajua kina mama watakavyotoka majumbani? Unajua wakaguzi watasema nini? Mubera! Mwanangu, fikiri kwanza."

Alifikiri. Alimwona Rusmir akitembea kwenye njia ya chini, akijipigia mluzi, akikitazama kipima chake kisichosema kitu, na kuamini kwamba kimya ni usalama. Alichukua birika la shaba la kahawa mezani kwa Hasnija, akalivurumisha kwenye kioo, akauvuta mpini chini kwa mikono miwili.

Sauti ilitoka kwanza kama mtu anayeguna, ikapanda, ikapanda, mpaka madirisha yakatetemeka. Mji ukaitikia. Milango ilisikika ikifunguka mlimani kote. Kisha zikaja nyayo.

Ndani ya dakika tano lango lilijaa. Walikuja na aproni, na kandambili za nyumbani, wengine wakiwa peku katika matope. Walishika nondo za lango wakatazama gurudumu la lifti lililosimama. Mama yake Mubera, Šefika, alikuwa na unga wa mkate wa pita mpaka viwikoni. Bi Ruža, ambaye wanawe wawili hawakupanda tena baada ya king'ora cha mwisho, aliketi chini kwenye tope akawa anauliza, "Wangu wamepanda? Wangu wamepanda?" Wakamwinua, akaketi tena.

Gurudumu halikugeuka. Mubera alisimama uani, mvua ikimwingia shingoni, akahesabu mpaka mia, akaanza tena. Kwa nini hawaji? Labda wamekwisha kufika penye gesi. Labda king'ora chenyewe kimewakuta wamezimia kwa gesi. Alijaribu kumwomba Mungu, kinywani akapata namba za visanduku tu.

Baada ya dakika ishirini na mbili kamba ya lifti ilikakamaa. Gurudumu likazunguka.

Fadil aliwahesabu kwa sauti wakitoka, na Hasnija alishusha kibati kimoja kimoja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Rusmir alitoka wa mwisho, uso mweusi, meno meupe, amekasirika. "Nani amekufa?" aliuliza. Mama yake alimkumbatia mpaka unga ukamganda mgongoni.

Mubera hakumkimbilia. Aliviomba vile vipima kumi na vinne, akaingia navyo ndani, akavirudisha kwenye rafu, akakianzisha kiendeshi upya, na safari hii akaiweka skrini waziwazi mbele ya wote: mstari ule wa kijinga ukitambaa. Watu walijaa mlangoni. Radi ya mbali ilinguruma, Hasnija akaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuifungia hapo. Mstari ulikwama karibu na mwisho. Mtu mmoja akasema, "Imekufa." Mubera akasema, "Haijafa. Ngojeni." Wakangoja.

Rafu ikaanza kuvipulizia vipima gesi yake. Kipima cha kwanza kililia. Cha pili kikalia. Kisanduku baada ya kisanduku kiligeuka kijani, na kijani hiki kilikuwa cha kweli. Vyote kumi na vinne vilikuwa vizima.

Kisha hasira ikafika.

"Vizima!" alisema mwanamke mmoja. "Moyo wangu umesimama kwa ajili ya vitu vizima!"

"Bi Ruža hajui hata alipo! Mtazameni!"

"Ni Hasnija huyu, mikono yake na nyaya zake!"

"Shangazi hana kosa," alisema Mubera. Alipanda juu ya benchi ili wamwone. "Nisikilizeni. Kiendeshi ni cha polepole, nikakificha. Nilichora kijani cha uongo ili skrini ipendeze. Shangazi aliamini kwa sababu mimi nilimdanganya. Leo hii naiondoa rangi hiyo katika kila mgodi nilikoipeleka, Nihad apende asipende."

Injinia Zdravko alimsogelea. "Vizuri. Sasa waombe radhi kwa king'ora. Watu wote hawa umewazika kwa nusu saa wakiwa hai. Omba radhi, twende nyumbani."

Mama yake alishika pindo la koti lake kutoka chini. "Mwanangu, sema neno moja tu yaishe. Sote wazima. Neno moja halikutoi damu."

Mubera alimtazama Bi Ruža aliyekuwa amefunikwa koti la Fadil. Alitazama vile vibati kumi na vinne mezani. Kabla king'ora hakijalia, hakuna mtu aliyejua kama ni vya watu walio hai.

"Kwa ile rangi nihukumuni, nitakubali lolote," alisema. "Lakini king'ora nilikipiga mimi, na kesho mambo yakiwa vilevile nitakipiga tena. Siombi radhi."

"Mubera," alisema mama yake.

"Siombi, mama."