Mikono Mfukoni

Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga ukingo wa kibirika cha kahawa, tik, tik, halafu kimya. Radojka aliyekuwa kitandani akajizuia kupumua. Alijua kinachofuata. Na kweli: tsss! Kahawa ilikuwa imefurika tena juu ya jiko la kuni, na harufu ya kuungua ikatapakaa.

"Mzee!" aliita.

"Lala, mama, lala. Bado mapema."

"Nilale vipi, na kitanda changu umekileta jikoni?"

Svetozar alikuwa akimimina kilichobaki. Alikuja na kikombe kilichojaa nusu, maana nusu nyingine ilikuwa juu ya jiko inafuka moshi. Akaweka mto nyuma ya mgongo wa mkewe, akaipuliza kahawa kama mtu anayempozea mtoto uji, ndipo akampa. Radojka alikunywa. Ilikuwa chungu, imejaa machicha, lakini ilikuwa imepozwa kwa kiasi kile kile alichokipenda. Hilo nalo lilimkera. Mtu unatamani kumgombeza, naye amekupulizia kahawa.

Hali ilikuwa hiyo tangu Radojka alipoteleza uani akiokota matunda ya plamu yaliyodondoka kwenye matope. Madaktari wa mjini Valjevo waliuunga mfupa wa nyonga kwa chuma, wakasema chuma ni imara, asimame, akanyage, atembee. Wakampa na kiunzi cha kutembelea, chepesi, cha miguu minne. Svetozar aliwashukuru sana, akamrudisha mkewe kijijini, akamlaza karibu na joto, na tangu hapo hakumwacha akanyage chini peke yake. Kwenda chooni alimshika kwapani kwa nyuma, nusu amebeba, nusu anaburuta, huku mgongo wake mwenyewe ukilia. Kiunzi alikisimamisha kando ya jiko, akaanika soksi zake za sufu juu yake.

Binti yao Gordana, aliyekuwa akifanya kazi Linz, Austria, alikuwa amepiga simu na kuzungumza bila kupumua. Mgongo wa baba umekwisha. Amempatia mama chumba katika nyumba ya kutunzia wazee pale Valjevo. Anakuja Jumamosi. Mama akiweza kuamka na kwenda chooni bila kubebwa, sawa, atabaki nyumbani. Asipoweza, anamchukua.

"Sitaki kupigiwa simu siku moja niambiwe mmeanguka wote wawili," alisema.

Jambo moja lilimuudhi Radojka kuliko yote. Mtoto alisema kweli. Lakini akifikiria kuamka katika chumba cha watu, kutazama ukuta wa watu, kunywa kahawa isiyopulizwa na mtu, roho ilimshuka.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Jua lilipopanda, gari dogo lilisimama langoni, akaingia Nevena, mnyoosha viungo wa zahanati, binti mwenye nywele zilizofungwa juu ovyo na viatu vya matope. Alivivua mlangoni bila kuambiwa. Kila alipokuja alivivua, hata siku aliyokuwa na haraka, na Radojka alimpenda kwa hilo.

Macho ya Nevena yalikwenda moja kwa moja kwenye kiunzi.

"Babu, hii si kamba ya nguo."

"Zinakauka vizuri sana."

"Na ile karatasi ya mazoezi niliyokuachia, yenye picha?"

Svetozar alilitazama jiko. "Ile nayo iliwaka vizuri."

Nevena alifumba macho kidogo, akayafumbua. Jikoni kulikuwa na joto la tanuri, kwa sababu juu ya jiko palikuwa na sufuria kubwa ya ajvari, rojo ya pilipili hoho ya kuweka akiba ya majira ya baridi. Kijiji kizima kilikuwa katika ajvari juma lile. Kila ua ulinuka pilipili hoho nyekundu zinazochomwa. Wifi yake Radojka alikuwa amewachomea, amewamenyea na kuwasagia zao, akamwachia kaka yake kazi moja tu: kukoroga hadi ikauke, asiiache ishike chini.

Nevena alifungua dirisha. Svetozar alilifunga.

"Babu, tunahitaji hewa."

"Huo ni upepo. Utamwingia nyongani."

Nevena akalifungua tena. Svetozar akalifunga tena, safari hii akaweka na chungu cha maua mbele yake.

Wakaanza mazoezi. Nyanyua mguu. Shusha. Vuta mpira. Achia.

"Kila ukija nanyanyua mguu kama mbwa kwenye nguzo," alisema Radojka. "Nitanyanyua mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka usimame, bibi. Haya, tusimame."

Kabla Radojka hajasogea, Svetozar alikwishafika nyuma yake, mikono kwapani.

"Mwachie, babu."

"Nimwachie?"

"Mwachie asimame mwenyewe."

"Nimemshika mwanamke huyu tangu sina mvi, leo ndiyo unakuja kuniambia nimwachie? Wewe umeolewa?"

"Sijaolewa."

"Ndiyo maana."

"Mzee, unanibana mbavu!" alifoka Radojka. "Na wewe binti, unanisukuma mgongo! Mmoja huku, mwingine kule! Mimi ni mtu au ni kabati mnalihamisha?"

Akaketi kitandani kwa kishindo. Nevena naye akajitupa kwenye kigoda, akauegemeza uso viganjani. Sufuria ikatokota, plop, plop.

"Keshokutwa ni Jumamosi," alisema Nevena hatimaye, sauti imechoka. "Gordana amenipigia hata mimi. Nimwambie nini? Bibi, ngoja nikuulize jambo ambalo nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza. Kwenye mafunzo kule Belgrade walitukazania mpaka tukachoka. Wamechunguza wagonjwa wengi, wakaona mguu unapata nguvu upesi zaidi ukizoeshwa ile kazi yenyewe mtu anayoitaka. Kwa hiyo kwanza muulize anataka nini. Mimi nikaandika yote, nikarudi, nikakuletea mipira. Basi leo nakuuliza. Wewe unataka kufanya nini?"

Radojka hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinua pua juu.

"Inashika," alisema.

"Nini, bibi?"

"Ajvari inashika chini! Mzee, koroga!"

Svetozar alikuwa bado amemshika mkono. "Nikushike wewe au nishike mwiko? Chagua!"

"Mwiko!"

"Halafu uanguke?"

"Unaona?" Radojka alimgeukia Nevena, machozi ya hasira yanamlenga. "Unauliza nataka nini? Nataka mtu huyu aondoke kwenye sufuria yangu! Kahawa anaimwaga, ajvari anaiunguza, na mimi nimekaa hapa nanusa!"

Nevena akamtazama yeye, akaitazama sufuria. Akainuka, akaanza kuzitoa soksi kwenye kiunzi, moja moja, akimpangia Svetozar begani. Alipomaliza akakiweka kiunzi mbele ya Radojka.

"Haya. Jiko liko pale."

"Wewe binti una wazimu," alisema Svetozar.

"Labda. Mikono mfukoni, babu."

"Nini?"

"Mikono yako. Iweke mfukoni, na ibaki humo mpaka nikuambie."

Svetozar alimtazama mkewe, akaliona lile jicho analolijua, akaitia mikono mfukoni. Ngumi zake zilionekana wazi kupitia kitambaa cha suruali.

Radojka aliteleza hadi ukingoni mwa kitanda, akavuta miguu nyuma kama alivyofundishwa, akainamisha kifua mbele, akasukuma. Akasimama. Na aliposimama, bila mkono wa mtu kwapani, sakafu ilikuwa mbali sana. Akayakumbuka matope ya uani, baridi ikimpanda mgongoni, na anga jeupe juu ya mplamu. Siku zote hizi alikuwa akimlaumu Svetozar kwa kumshikilia. Sasa sauti yake mwenyewe ndiyo iliyotoka.

"Nishike!"

Mikono ya Svetozar ilichomoka mfukoni kama iliyosubiri hilo tu. Akapiga hatua. Halafu akasita. Nevena alikuwa amesimama ubavuni mwa Radojka, karibu kabisa, kiganja tayari lakini hakimgusi. Svetozar aliutazama uso wa mkewe, akaitazama mikono yake mwenyewe. Polepole, kama mtu anayeukunja waya mgumu, akairudisha mikono mfukoni.

"Nipo hapa, mama," alisema. "Mikono imo mfukoni, lakini nipo."

Radojka alishusha pumzi. "Unanuka soksi," alisema, akasogeza kiunzi, akaenda.

Jiko halikuwa mbali na kitanda, lakini alifika anahema kama aliyepanda mlima. Mkono mmoja ukabaki kwenye kiunzi, mwingine ukachukua mwiko. Hakugusa chini, penye ukoko. Alikoroga juu na pembeni, akaonja, akakunja uso.

"Mmeihamisha sufuria baada ya kuanza kuungua? Hamkuihamisha. Sogeza huku pasipo na moto mkali. Chumvi!"

"Naruhusiwa kutoa mkono?" Svetozar alimuuliza Nevena.

"Kwa chumvi, ndiyo."

Alikoroga kulia, uzito ukaenda kulia. Alikoroga kushoto, uzito ukaenda kushoto, kwenye ule mguu aliokuwa akiudekeza kama yai, na mguu ukaubeba. Nevena aliona, hakusema, asije akamkumbusha. Alimwekea tu kiti nyuma yake. Akichoka, Radojka alikaa. Ajvari ikianza kulia, aliinuka. Alikaa na kuinuka asubuhi ile mara nyingi kuliko alivyowahi kukubali kwa ajili ya karatasi yoyote, huku akimtukana Svetozar, wifi yake, kuni mbichi, na mtu aliyebuni jiko lenye moto upande mmoja. Mwishowe alipitisha mwiko chini ya sufuria, njia aliyoichora ikabaki wazi, haikujifunga. Imeiva.

Kabla hajavaa viatu, Nevena alimwambia Svetozar kitanda kirudi chumbani leo hii, ili kila kahawa na kila mlo viwe na safari yake.

"Na mimi nifanye nini?" aliuliza Svetozar, akiwa kama mtu aliyeachishwa kazi.

"Tembea pembeni yake. Usiseme sana."

Alishindwa hilo la pili. Kutwa nzima ya Ijumaa alitangaza kama kipaza sauti cha stesheni: "Kizingiti! Zulia! Mlango!"

"Nakiona! Kizingiti nimekifagia maisha yangu yote!"

Jumamosi Gordana aliingia na baridi ya safari mabegani, kiti cha magurudumu kimekunjwa ndani ya gari.

"Mama! Usisimame!"

Radojka alikuwa amekwisha kusimama. Gordana akamrukia, mikono mbele.

"Gordana," alisema Svetozar kwa sauti kali ambayo binti yake alikuwa hajaisikia kwa miaka. "Mikono mfukoni."

"Nini? Gauni hili halina mifuko, baba!"

"Basi shika mkate." Akamtia mkate mzima mikononi.

Gordana akabaki amekumbatia mkate, mdomo wazi, mama yake akipita mbele yake na kiunzi, polepole, akivuka kizingiti, hadi chooni. Mlango ukafungwa kwa ndani. Baba na binti walisimama nje wakitazamana. Maji yakasikika. Mlango ukafunguliwa.

"Mnanitazama nini? Hamjawahi kwenda chooni?"

Wakakaa kula. Gordana hakukubali upesi. Hakuwa mtoto wa kukubali upesi. Na usiku je? Na theluji ikianguka? Na baba akisahau, akaanza tena kubeba? Radojka alimpakia ajvari kwenye kipande cha mkate bila kujibu. Gordana akauma, akatafuna.

"Imeungua," alisema.

"Kidogo, chini. Ilikuwa zamu ya baba yako."

Gordana alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja. "Mtaniua nyie wawili. Chumba nitawaambia wampe mtu mwingine. Lakini vyuma vya kushikilia bafuni vinawekwa leo, navinunua mimi. Na baba habebi mtu. Nikisikia amebeba, nageuza gari usiku huohuo."

"Mimi?" alisema Svetozar, akaionyesha mifuko yake.

Jumapili, alipokuwa akiondoka, kiti cha magurudumu kilikuwa kimelala ndani ya gari palepale kilipokuwa, na mitungi ya ajvari imepangwa juu yake, imefungwa kwa magazeti isigongane. Kwao mgeni haagwi mlangoni. Anasindikizwa hadi langoni. Radojka akaanza safari ya uani, akikwepa pale penye mplamu. Svetozar alikuwa kando yake, ameuma midomo asitaje mawe.

"Mama, rudi ndani, kuna upepo!" alipiga kelele Gordana.

"Endesha gari lako," alisema Radojka. Alishika nguzo ya lango, akapumzika. Kisha akaingiza mkono dirishani, akamwekea binti yake skafu vizuri shingoni, kama zamani za shule.

"Uje tena, mwanangu. Uje plamu zikichanua, ukae siku nyingi. Na hicho kiti ukiache hukohuko."