Ushuru wa Zawadi ya Jafar

Sanduku la Jafar lilifika bandarini mkewe Zuleikha akiwa bado ndani ya eda, kwa hivyo likabidi limngoje.

Jafar alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Akiondoka Likoni ilikuwa kwa muda mrefu, na likizo zake zilikuwa fupi hata nguo zake hazikupata kuzoea kabati. Safari ya mwisho moyo ulimshika akiwa jikoni, meli yaelekea Salala, Omani, na huko Salala ndiko alikozikwa. Watu asiowajua walimwosha na kumsalia kama ndugu yao, Mungu awalipe. Nyumbani, mtaa wa Shika Adabu, walipigiwa simu, na baada ya simu ile hapakuwa na kitu cha kushika. Hawakuuona mwili, wala hawana kaburi la kulizuru siku ya Idi. Ndiyo maana habari ya sanduku ilipokuja, mamake, Bi Mwanatabu, akawa analiulizia kila kukicha, kama mtu anayemuulizia mgeni aliye njiani.

Nyumbani walikuwa wawili tu, mkwe na mkaza mwana. Jafar hakuwa na ndugu, babake alikwisha kufa zamani, na yeye na Zuleikha hawakujaliwa mtoto. Kwao Zuleikha ni Junda, kule Kisauni. Eda ilipokwisha, kila mwanamke aliyekuja kumpa mkono wa pole alikuwa na swali lile lile: "Sasa utarudi kwenu lini, mwanangu?" Bi Mwanatabu peke yake ndiye asiyeliuliza. Zuleikha akawa hajui kimya kile akipokeeje. Huenda mama hataki aende. Huenda pia anaona haya tu kumwambia aende.

Siku ya kulifuata sanduku walitoka pamoja, wakapita barabara ya Dongo Kundu mpaka Changamwe, kwenye ofisi ya bwana mmoja aitwaye Dancun, ambaye kazi yake ni kuwatolea watu mizigo bandarini. Alikuwa mtu wa bara, mnene kidogo, na alisimama walipoingia.

"Shikamoo, mama. Madam, poleni sana kwa msiba. Kaeni, kaeni."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanatabu akajibu, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kuzoea.

"Sasa," Dancun akasema, "vitu vya marehemu, vile alikuwa anatumia, hazilipiwi ushuru. Nguo, viatu, Msahafu, visu zake za jikoni, na hii kamera moja imezeeka. Hizo hazina shida. Shida iko kwa hii ya pili." Akageuza simu yake awaonyeshe picha aliyotumiwa kutoka godauni. "Hii iko ndani ya boksi. Hata nailoni haijatolewa. Watu wa forodha wakiiona hivi, hiyo ni bidhaa mpya imenunuliwa nje. Inalipa ushuru, inalipa VAT, inalipa na zile ada zingine ndogo ndogo."

"Jumla yake?" Zuleikha akauliza.

Dancun akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakisogeza mezani. Bi Mwanatabu hakuwa na miwani. Badala ya kuitazama karatasi aliutazama uso wa Zuleikha, akajua.

"Lakini msishtuke," Dancun akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia kweli. "Mimi pia nimefiwa, najua vile kunakuwa. Kuna kijana wangu pale godauni. Ataitoa kwa boksi, boksi itupwe, halafu aikwaruze kidogo na ufunguo, hapa na hapa. Mkiulizwa, mnasema zote mbili ni za marehemu, za kutumika. Kwani si ni zake? Kwisha maneno."

Bi Mwanatabu alikuwa keshaanza kutikisa kichwa kukubali. Zuleikha aliitazama ile picha kwenye simu, boksi jeupe limelala juu ya mashati ya Jafar yaliyokunjwa.

"Asiiguse," akasema. "Mwambie huyo kijana asiiguse. Tutakuja tena, inshallah."

Nje jua lilikuwa kali na malori ya makontena yamepangana barabara nzima. Wakaingia kwenye kibanda cha mama mmoja auzaye chai na mahamri, wakakaa kwenye benchi la ndani, palipokuwa na kivuli. Bi Mwanatabu alingoja mpaka chai ikaja.

"Mwanangu, umekataa nini? Ni neno tu lile. Na mtu mwenyewe yuwaeleza vyema. Tulichukue sanduku letu twende zetu."

Zuleikha akakizungusha kikombe bila kunywa. Alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Muda wote wa eda alikaa nalo peke yake, akaogopa kwamba akilisema litapungua.

Bi Mwanatabu aliijua kazi ya mkaza mwanawe, nusu ya Likoni iliijua. Zuleikha alikuwa akipiga picha kwenye harusi za wanawake, kule ndani wanakopambwa maharusi, ambako mpiga picha mwanamume haingii. Wanawake walimwamini. Walivua mabuibui wakajitanda dhahabu zao na kucheza mbele yake, wakijua picha hazitatoka nje ya familia. Ila kamera haikuwa yake. Ilikuwa ya binamu yake, na kila harusi ilianza kwa kuiomba. Binamu akiwa na shughuli zake siku hiyo, Zuleikha hana kazi.

"Mara ya mwisho kuongea naye," akasema, "ndiyo walikuwa wametia nanga. Akaniambia, 'Nimeshakununulia.' Nikamuuliza nini. Akasema kamera. Akasema mtu wa dukani alitaka kumpa iliyotumika, nzuri tu, na bei yake nafuu. Akamkatalia. Akamwambia, 'Huyu mke wangu maisha yake yote ametumia vya kuazima. Hata gauni aliloolewa nalo lilikuwa la kuazima. Mimi nataka kitu ambacho hakijaguswa na mkono wa mtu.'" Akakiweka kikombe chini. "Mama, nami leo niende nikaseme mbele ya watu kwamba ni kuukuu? Nimruhusu mtu aitie mikwaruzo na ufunguo? Alichokikataa yeye, nije nikifanye mimi?"

Bi Mwanatabu alikuwa ameinamisha kichwa, ncha ya mtandio mkononi.

"Gauni lile nalikumbuka," akasema hatimaye. "Lilikuwa la Nadira. Ni mimi niliyekwenda kuliomba. Nalikuwa na haya, ushungi nimeushusha mpaka kwenye nyusi." Akajipangusa mato. "Sikujua kama Jafar alijua."

"Alijua."

"Hakuniambia neno."

"Wala mimi hakuniambia, mpaka siku ile."

Bi Mwanatabu akanywa chai yake yote, polepole, kama mtu anayefanya hesabu asiyoipenda lakini ambayo jibu lake analijua. Wenye meli walikuwa wametuma mshahara wa mwisho wa Jafar, ukagawanywa kisharia, naye fungu lake alikuwa amelitenga kwa paa. Nyumba ilivuja upande wa nyuma, na masika yakija walilala wakiwa wamepanga masufuria sakafuni.

"Una fungu lako, nami nina langu," akasema. "Tuyaweke pamoja."

"La, Mama. Na paa?"

"Paa limevuja mato yangu yakiliangalia miaka yote hiyo. Litavuja tena kidogo." Akamshika mkono. "Sikiza. Pesa zile ni jasho lake. Basi na alipe yeye. Mwanangu hakuwa mtu wa kuleta kitu akakiacha njiani. Mwache akufikishie mpaka mlangoni."

Zuleikha aliinamia mkono ule akaubusu, akalia palepale kibandani, na mama wa mahamri akajitia kushughulika na jiko.

Walirudi kwa Dancun wiki iliyofuata. Alipoelewa wanachotaka aliwatazama kwa zamu, mmoja mmoja.

"Madam, miaka yote niko kwa hii kazi, watu wananililia nipunguze. Nyinyi mnataka kulipa yote?"

"Yote," Zuleikha akasema. "Kilichotumika uandike kimetumika, na kipya uandike kipya."

Dancun akajikuna shavu, kisha akatabasamu kwa haya. "Sawa. Basi hii mpya mimi sitawatoza pesa yangu. Hiyo ni pole yangu kwa marehemu."

Siku ya ukaguzi waliitwa wao wenyewe. Afisa wa forodha alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Margret, mwenye miwani iliyofungwa kamba na sura iliyochoka. Sanduku liliwekwa juu ya meza ndefu na kufunguliwa. Harufu ya Jafar, ambayo Zuleikha alikuwa akiitumaini na kuiogopa, haikutoka. Ilitoka harufu ya sabuni ya kufulia na ya chuma. Margret akagusa kitu kimoja kimoja, mashati, viatu, visu vilivyoviringishwa kwenye taulo. Akaishika kamera ya zamani, akaigeuza, akaiweka upande.

"Hii ni ya nani?" akauliza, mkono juu ya lile boksi jeupe.

"Ni yangu," Zuleikha akasema. "Alininunulia mume wangu."

"Mpya?"

"Mpya."

Margret akanyanyua macho. Ilionekana kama alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine, na sasa hana mahali pa kuliweka hili. Akalisoma jina la marehemu kwenye karatasi zake, kisha akamtazama tena huyu mwanamke aliyesimama mbele yake na mama mzee aliyeshika kiwiko chake.

"Ushuru mmeshalipa, naona. Kilichobaki nihakikishe namba ya kamera ni ile ya kwenye boksi. Itabidi lifunguliwe." Alikuwa keshashika wembe wenye mpini. Akausimamisha hewani, akaugeuza, akampa Zuleikha upande wa mpini. "Fungua wewe, dadangu."

Zuleikha akasema bismillahi, akaipasua ile nailoni. Akaitoa kamera kwenye mfuko wake mweupe, nyeusi tii, nzito kuliko alivyodhani, na hapakuwa na alama ya kidole hata moja. Akaishika kwa mikono miwili, akasahau kwamba kuna anayengoja.

Margret hakumharakisha. Alipopewa aliisoma namba haraka, akagonga mhuri wake, akairudisha.

"Mungu amrehemu," akasema. "Tumia vizuri."

Bi Mwanatabu wakati huo alikuwa ameichukua ile kamera ya zamani bila kumwomba mtu. Upande wa kulia ngozi yake ilikuwa imeliwa, pakawa laini na kung'aa pale kiganja cha Jafar kilipokuwa kikikaa. Akatia kiganja chake hapo, akakiacha, na njia nzima ya kurudi Likoni hakukitoa.

Jioni ile, baada ya Magharibi, Zuleikha aliitia chaji ile kamera ya zamani, akamkalisha mama karibu naye mkekani, wakatazama picha zilizokuwemo. Bi Mwanatabu alivaa miwani yake. Walitarajia bahari na miji ya watu. Wapi! Zilikuwa picha za vyakula. Samaki wa kukaanga kwenye sinia, mikate imepangwa, sufuria ya mchuzi, tena samaki, tena mikate.

"Hebu rudisha," Bi Mwanatabu akasema. "Huo si wali wa nazi? Nazi kaipata wapi huko katikati ya maji?"

"Labda ya kopo, Mama."

"Ya kopo! Na nilivyomfundisha kukuna!" Akacheka, na Zuleikha akacheka naye, na kicheko kile kiliwashtua wote wawili, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu ile simu. Wakacheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakanyamaza.

Hapo ndipo Bi Mwanatabu aliposema, macho yake yakiwa bado kwenye kioo kile kidogo, "Hiyo mpya, utakwenda nayo Junda?"

"Wataka niende, Mama?"

"Mimi?" Mama akamgeukia kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilikuwa nasubiri uniambie siku, nikufungie mizigo. Kila mtu yuwasema wewe ni wa kwenda. Nikasema nisikuzuie, wewe bado kijana."

"Nami nilidhani waona haya kunifukuza."

"Ewe!" Bi Mwanatabu akampiga kofi jepesi la paja. "Mtu humfukuza mwanawe? Kaa. Kaa mpaka mwenyewe utakapotaka kwenda. Na ukipata mume mwingine kesho, wallahi, kupamba nitakupamba mimi."

Zuleikha akalaza kichwa kwenye paja la mkwewe, na mkono wa mama ukamshukia nyweleni.

Kazi ya kwanza ilitokea Junda, harusi ya mtoto wa jirani yao wa zamani. Alipoiinua kamera mara ya kwanza aliishusha tena, na bibi harusi akadhani ni yeye aliyekaa vibaya. "La, umependeza," Zuleikha akamwambia. "Ni mimi, ngoja kidogo." Akangoja, akapumua, akaanza. Akapiga picha za hina na za mapete, za shangazi wanaocheza na za wifi aliyesinzia kitini na shada la asumini kichwani. Hakuwa na wasiwasi wa saa ya kurudisha chombo cha mtu. Alikaa mpaka mwanamke wa mwisho alipopata picha aliyoitaka.

Mamake mzazi alikuwa amekwisha mtandikia kitanda chake cha usichana. Nao shangazi zake wakamzunguka mlangoni, wamshike asiondoke: jua linakwenda, Likoni mbali, alale, kwani huko anafuata nini tena?

Zuleikha alikuwa akiifunga kamera kwenye mkoba wake. Akambusu mamake, akawaaga wote, akavaa buibui lake.

"Mama yuwaningoja," akasema. "Hali chakula mpaka nifike."