Kosa Jekundu Ukutani

Nilishasema, nikasema mpaka mate yakanikauka. Kompyuta ikijenga sehemu nane za programu kwa pamoja, na zote zikibwata kwenye skrini moja, nani atajua nani kasema nini? Iacheni kila sehemu imalize, ndipo itoe logi yake yote, yaani taarifa ya kazi iliyofanya, kwa mkupuo. Meneja wetu, tunayemwita Bwana Kasi, akakataa katakata. Anapenda mistari ikimbie kwenye skrini kubwa ya ukutani wageni wakipita. Mapambo!

Leo programu imegoma kujengeka, na kosa jekundu likatokea chini ya jina la sehemu ya risiti. Hiyo ni kazi ya wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Bwana Kasi akamwambia mbele ya ofisi nzima afungashe vitu vyake.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Mistari inachanganyika, huo umetua pale tu. Huenda si wake."

"Unamtetea kwa sababu ni wifi yako."

"Ndiyo, ni wifi yangu! Kwani wifi si mtu?"

Damu ilinichemka. Wifi alikuwa anakunja waya wa chaja, hataki kumtazama mtu.

Nikaketi, nikabadilisha mpangilio, nikaijenga upya programu. Safari hii kila sehemu ilisubiri zamu yake. Risiti: safi, hakuna kosa. Nikageuka nimpashe Bwana Kasi, kumbe yeye tayari anasoma chini zaidi. Kosa lilikuwa kwenye sehemu ya akaunti. Yangu mimi. Lo! Niliona aibu, usiniulize.

Bwana Kasi akaninong'oneza, "Wewe hatuwezi kukukosa. Rudisha mpangilio ulivyokuwa. Huyu wa majaribio atapata kwingine."

Yaani ameuona ukweli kwa macho yake mawili, na bado anataka vurugu za mistari zimfunikie kosa lake! Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli.

"Wifi, weka chaja chini, njoo usome!" Nikairusha logi ukutani, nikaikuza mpaka jina la sehemu yangu likajaa skrini.

Akasoma taratibu. "Kumbe ni wewe, wifi?"

"Ni mimi."

"Una wazimu?" Bwana Kasi akanong'ona tena.

"Usininong'oneze!" nikamwambia. "Kama ni kufukuza, nifukuze kwa sauti ileile uliyomfukuzia yeye."