Damu Iliyokataa Kuchacha

Damu ya Wangwe ilikuwa na adabu kumpita mwenyewe. Wagonjwa wengine wenye homa kama yake, ukitia damu yao kwenye chupa ya supu na kuiweka mahali penye joto, supu inachafuka, inakuwa kama maji yaliyooshewa bakuli la uji. Hapo Bi Mwanamvua wa maabara anajua vidudu wamo, na anaanza kuwatafutia majina. Ya Wangwe ilitulia. Wekundu chini, supu safi juu, kama mtoto aliyeambiwa nyumbani kuna mgeni.

"Na ya pili?" aliuliza Daktari Simioni.

"Na ya pili. Ningekuwa na binti wa kuoza, ningemtafutia mume mtulivu kama chupa hii."

Daktari hakucheka. Alikuwa amesikiliza kifua cha Wangwe akakuta moyo unapiga mluzi mahali ambapo moyo hautakiwi kupiga mluzi. Homa ilikuja, ikapoa, ikarudi, tangu mzee aling'olewa jino na fundi mmoja mnadani. Daktari alishuku vidudu waliingia kwa njia ya jino na kujenga kwenye mlango wa moyo. Lakini kushuku si kujua. Bila kuwapata kwenye chupa hakujua ni vidudu gani wala wanakufa kwa dawa gani. Na akibahatisha akakosea, mlango unaliwa kidogo kidogo, na mwenye moyo anaondoka nao.

Ndiyo maana alirudi wodini akamuuliza tena, "Mzee, umetumia dawa yoyote kabla ya kuja hapa? Kidonge, sindano, chochote?"

"Dawa? Mimi?" Wangwe alijiinua kwenye mto, mifupa ya mabega imemtoka kama nguzo za zizi. "Daktari, dawa ni ya ndama."

Pembeni ya kitanda, rafiki yake Heche akapaliwa na mate yake mwenyewe.

Hawa wawili walitahiriwa siku moja, kwa kisu kimoja, na tangu siku hiyo hakuna aliyemkatalia mwenzake jambo. Operesheni ya vijiji ilipowahamisha watu wa Machochwe wakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, Wangwe alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mifugo. Dawa za ng'ombe wa kijiji zilifungiwa kwenye sanduku nyumbani kwake, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake. Heche akawa mtu wa bomba: ng'ombe akiugua, Heche anadunga. Sasa mwenzake ameletwa hospitali Tarime, naye kaja kumuuguza pamoja na Rhobi, mke wa Wangwe. Wote wawili walifikia Nkende, hapo hapo Tarime, kwa dada yake Heche.

Asubuhi moja Rhobi alikwenda dirishani kwa Bi Mwanamvua.

"Shikamoo, mama," Mwanamvua alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia damu ya mume wangu. Mmechota ya kujaza kibuyu, na majibu hakuna. Mnaipikia ugali?"

Mwanamvua alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa palepale Nkende, na amezoea maneno ya wateja. Akaiinua chupa ile juani. "Hatuipiki, mama. Hii ni supu ya nyama. Tunatia damu, tunaiweka kwenye joto kama la mwili, tunangoja vidudu wazaane. Wakizaana, supu inachafuka. Hii ya mzee imekataa."

Rhobi aliitazama chupa kwa jicho la mtu wa kazi. "Kama maziwa."

"Maziwa yapi?"

"Ya ng'ombe aliyedungwa sindano. Ukiyatia kwenye kibuyu hayachachi, hayagandi. Utatikisa mpaka mkono ung'oke, yanakutazama tu. Ndiyo maana sisi ng'ombe akidungwa..."

Akaikazia chupa macho.

"Endelea, mama," Mwanamvua alisema polepole. "Maana hata huku ni hivyohivyo. Ndiyo sababu daktari haachi kuuliza habari za dawa. Dawa ikiwemo kwenye damu, inaingia nayo chupani. Vidudu wanalala. Hawajafa, wamelala tu."

Rhobi alikuwa anawaza jinsi Heche anavyomshika Wangwe mkono kila siku kwenda naye chooni, na mfuko wake wa ngozi begani. Wangwe huyu, ambaye hata akitoka kwenye pombe ya harusi, amejaa mpaka kooni, hakubali kushikwa mkono!

"Mwanangu," alisema, "mwite daktari. Kisha uje usikie jinsi ng'ombe anavyokamuliwa."

Wodini alimkuta Heche amekaa ukingoni mwa kitanda, mfuko magotini.

"Shemeji, habari za ng'ombe wetu?"

"Wazima, shemeji. Wazima kabisa."

"Ng'ombe mwenye homa, wewe unamdunga wapi?"

"Shingoni."

"Na mwenye suruali?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kukoroma. Heche akatazama dari, kama mtu anayehesabu buibui. Wangwe akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Mama Mogesi," alinong'ona, "unataka kijiji kizima kisikie? Mwenyekiti anakula dawa ya ng'ombe wa wananchi! Nitasimama wapi? Vijana watanicheka mpaka nizeeke."

"Baba Mogesi, kwanza uzeeke." Sasa sauti ya Rhobi haikuwa na mzaha. "Nikiulizwa msibani umekufa na nini, niseme nini? Niseme umeuawa na haya?"

Daktari na Mwanamvua walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Wangwe aliwatazama, akamtazama mkewe, akafumba macho.

"Heche, mwambie daktari."

"Mwambie mwenyewe, mura. Mimi nilishika bomba tu."

Basi Wangwe akasema, uso umeelekea ukutani. Homa ilipomwanza alifungua sanduku. Alidungwa, akapata nafuu, akaacha. Homa ikarudi, akadungwa tena. Hata hapa wodini waliendelea, nyuma ya choo.

"Kiasi gani?" Daktari aliuliza.

"Cha ndama," alisema Heche. "Mimi nilimwambia nimpige cha fahali yaishe. Akakataa. Akasema tusimalize dawa ya kijiji."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kwa kuionea huruma mali ya umma, umekuwa unawapiga vidudu kofi moja moja, halafu unawaruhusu wakapumzike?"

Wangwe akavuta blanketi mpaka machoni.

"Hiyo dawa ni ipi?" Mwanamvua aliuliza.

Heche akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa chenye picha ya kichwa cha ng'ombe. Mwanamvua akasoma maandishi, akasoma tena, na uso ukamfunguka.

"Penisilini tupu. Alhamdulillahi! Daktari, kile kidogo tulichotunza kwenye jokofu kitafaa." Akamgeukia Rhobi. "Ninayo dawa inayoila penisilini, mama. Nikiitia kwenye supu kwanza, hiyo ya mzee itavunjwa humo humo chupani, na vidudu wataamka. Lakini inakula penisilini peke yake, tena tunayo haba. Bila kuambiwa jina, ningeimwagia nani?"

"Na bomba?" aliuliza Heche kinyonge.

"Bomba nipe mimi," alisema Daktari.

Sindano za ndama zikakoma. Homa ilipopanda tena, Wangwe anatetemeka kitanda kinagonga ukuta, Mwanamvua akaja kuchota damu, akaitia kwenye chupa yenye ile dawa inayokula penisilini, tena kubwa kuliko zile za kwanza ili masalio ya dawa yazame kwenye supu nyingi. Kisha wakangoja. Mwenyekiti akawa ndiye anayeuliza zaidi ya wote. Mhudumu akipita na beseni: "Imechafuka?" Nesi akileta kipimajoto: "Imechafuka?" Hata aliyekuja kufagia aliulizwa.

"Mzee wangu," Heche alimwambia, "hata mkeo alipokuwa anajifungua Mogesi hukuuliza hivi. Ulikuwa kilabuni."

"Ulikuwa unaninunulia wewe. Nyamaza."

Mwanamvua aliingia na chupa mkononi. Aliisimamisha tu dirishani penye mwanga. Supu ilikuwa na ukungu mzito, kama maziwa yaliyokubali. Rhobi akapiga vigelegele, na wodi ya jirani wakaja mbio kuuliza ni mtoto wa kiume au wa kike.

"Ni vidudu!" aliwajibu. "Wengi! Wazima!"

Mwanamvua alirudi maabara kuwapima, na kesho yake jioni Daktari akaja na jibu. Vidudu ni wa aina ile ile aliyoishuku, wa kwenye meno, na dawa ya kuwaua imejulikana.

"Ni ipi?" Wangwe aliuliza.

"Penisilini."

"Ileile?"

"Ileile. Ila si ya ndama. Ya fahali, mchana na usiku, wiki baada ya wiki, bila kuruka hata moja."

Wangwe alijigusa makalio chini ya blanketi. Heche akacheka mpaka nesi akamtoa nje.

Aliporudi Machochwe, mwembamba lakini anatembea kwa miguu yake, aliitisha mkutano na kuyasema mwenyewe kabla Heche hajayasema kwa niaba yake. Kisha kikongwe mmoja akauliza kama maziwa yake nayo hayagandi, na mkutano ukavunjikia hapo. Uenyekiti walimwachia. Ufunguo wa sanduku wakamvua shingoni, wakampa Rhobi.

Siku ya josho ng'ombe walipanga foleni kushuka kwenye maji ya dawa, vijana wakiwaswaga kwa fimbo. Heche alisimama mlangoni. Wangwe alipokaribia, akamzuia njia kwa fimbo na kupaza sauti watu wote wasikie.

"Ndugu Mwenyekiti, unaingia, au nipitishe wengine?"

Wangwe aliyatazama yale maji meusi, akavua kofia taratibu.

"Kamuulize mwenye ufunguo," alisema. "Siku hizi sidungwi wala siogeshwi bila ruhusa yake."